Uso wa Mama Zipu

Wifi yangu alikaa kwenye baraza moja kando ya barabara na cherehani yake tangu watoto wetu wakibebwa mgongoni. Mwanzoni nyuma yake palikuwa na duka la vitambaa, duka likafa. Likaja ghala la saruji, nalo likahama. Wenye nyumba walibadilika, rangi ya ukuta ikabadilika, yeye yupo. Nguo mpya alishona chache. Kazi yake hasa ilikuwa zipu: za suruali, za magauni, za mabegi ya shule, za majaketi ya walinzi, na mara moja ya hema zima lililofunika baraza na nusu ya njia, watu wakawa wanapita wameinama. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani alikuwa Mama Zipu.

Nikitoka kununua mboga nilikuwa napitia kwake kupumzisha magoti. Mbele ya mashine aliweka kigoda cha wateja, kifupi sana, ukikaa magoti yanakuja kidevuni na unamtazama fundi kutoka chini. Yeye anakuwa ameinamia kazi, pini zimepangwa midomoni, mimi naongea, yeye anajibu kwa pua. Marehemu kaka yangu alikuwa akijisifu kwamba ameoa mwanamke msikivu. Nilimwambia siku moja, "Hujaoa msikivu, umeoa mwenye pini mdomoni," na wifi akacheka mpaka pini zikamtoka, tukatambaa wote watatu kuziokota.

Halmashauri ilipoamua kujenga maktaba upande ule wa barabara, baraza ikawa ndani ya ramani. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Walimpa meza kwenye soko jipya, chini ya paa, yenye umeme wake. Msimamizi wa ujenzi, mtu wa sauti kubwa aliyekuwa akigombana na kila dereva wa lori, aliagiza baraza ivunjwe mwisho kabisa, ili fundi amalize mabegi ya watoto kabla shule hazijafunguliwa. Alisema ni mpangilio wa kazi tu. Mpangilio wenyewe sikuuona. Nilichoona ni yeye kuja kila asubuhi kuuliza yamebaki mabegi mangapi.

Jiji letu lina sheria ndogo ya sanaa. Kila jengo linalojengwa kwa fedha za wananchi, sehemu ya gharama inawekwa kando kwa ajili ya kazi ya sanaa, na kazi hiyo isimame nje, mtu aione bila kiingilio. Iwe na mahali pa kukaa. Wakazi wa kata waitwe kutoa maoni ikiwa bado udongo, maana ikishakuwa shaba haisikii tena maoni ya mtu. Na kuna kifungu kimoja zaidi: kazi isionyeshe sura ya mtu aliye hai.

Kifungu hicho kina sababu yake. Zamani mbele ya stendi kuu palisimamishwa sanamu ya mkubwa mmoja akiwa bado ofisini, mkono juu, anaonyesha mbele. Baadaye mkubwa akaanguka kwa mambo yake mwenyewe, watu wakaja na kamba. Sanamu iling'oka kwenye vifundo vya miguu. Viatu vikabaki. Mpaka leo vipo juu ya jukwaa lao, vya shaba, vimefungwa kamba vizuri, na wapagazi huegemeza mizigo hapo wakivuta pumzi. Halmashauri ikaona bora iwe inasubiri watu wafe kwanza, kwa kuwa aliyekufa hana tena la kufanya likawaaibisha.

Kamati ya sanaa lazima iwe na wakazi wawili wa kata. Mimi niliingia kwa sababu ya magoti. Mkutano wa kuchagua ulipokwisha wengine walisimama wakaenda zao, mimi nikawa bado natafuta namna ya kuinuka, wakasema huyu bibi anaonekana ana nia. Mkazi wa pili alikuwa mwenye duka la madaftari, aliyehudhuria pale biashara ilipomruhusu. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu aliyenyooka kama rula, asiyependa mzaha kikaoni. Katibu alikuwa binti wa Ofisi ya Utamaduni. Kila nikifika nilikuta kiti chenye mgongo na mto kimewekwa mahali pangu, na viti vya wengine wote ni vya plastiki. Binti hakuwahi kusema ni nani aliyekiweka.

Zabuni ya sanamu ilimwangukia kijana tuliyemwita Vumbi, kwa sababu alikuwa nalo mpaka kwenye kope. Alikodi kibanda nyuma ya mtaa, na kwa kushinda amepiga magoti kwenye udongo, suruali zake zilikuwa zinachanika bila kukoma. Kwa hiyo alikuwa mteja wa wifi. Siku moja nilimkuta ameketi chini, mgongo kwenye nguzo ya baraza, ametoa karatasi na penseli.

"Unanichora?" wifi akamuuliza kupitia pini zake.

"Nachora cherehani, mama."

"Cherehani haina pua."

Vumbi akaanza kufuta.

"Si lazima uifute. Ipunguze tu."

Alirudi tena na tena, suruali zikiwa nzima. Mwishowe akamweleza alichokusudia. Mbele ya maktaba akae fundi kwenye mashine yake, na mbele ya fundi kiwepo kigoda kitupu, cha yeyote atakayetaka kukaa. Hapo ndipo mahali pa kukaa panapodaiwa na sheria. Wifi alitoa pini zote mdomoni, akazitia kwenye kopo.

"Nikae pale pale?"

"Hapa hapa, mama. Labda hatua mbili tatu kutoka ulipo."

"Na mimi mwenyewe nitakuwa sokoni."

"Ndiyo."

"Basi mmoja wetu abaki," akasema. "Chonga."

Udongo ulisimamishwa kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa kata, ukubwa wa mtu kamili. Kamati ilipokwenda kuutazama mara ya kwanza, Mwenyekiti aliuliza, "Huyu ni nani?" Vumbi akajibu, "Ni fundi." Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Mimi nilimjua wifi yangu tangu mlangoni, ameinua uso, pini mdomoni, shingo imenyooka, anatazama mbele. Sikuulizwa, na mambo yalikwenda haraka kuliko maneno yangu.

Siku ya maoni ya wakazi, kinyozi wa mtaa alifunga duka akaja na watu wote waliokuwa ndani, akiwemo mteja mmoja aliyenyolewa upande. Muuza mitumba alikuja, mafundi viatu walikuja, akina mama wa mabegi ya shule walikuja. Hawakuwa wamejua kama kuna kifungu chochote. Walijua Mama Zipu ametengenezewa sanamu na leo wanaulizwa kama ni nzuri, wakajipanga kumtendea mema.

Binti alifungua kikao. "Karibuni sana. Semeni maoni yenu kwa uhuru."

Kinyozi alisimama kabla hajaitwa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi maoni yangu ni mafupi. Huyu ni Mama Zipu. Sisemi anafanana naye. Nasema ni yeye. Tumetazamana miaka nenda rudi, mimi upande huu wa barabara, yeye upande ule. Hata mkiniapisha nitaapa."

Watu wakapiga makofi.

"Tazameni hicho kidole gumba," akasema muuza mitumba. "Kimepinda vilevile kilivyopinda siku ile kilipochomwa na sindano ya jaketi langu."

"Na nundu ya puani!" akadakia mama mmoja.

"Nundu imepunguzwa," wifi akasema kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Binti alikuwa ameshika kalamu, haandiki. "Jamani, naomba niwaelewe vizuri. Mnamaanisha anawakumbusha mafundi? Mafundi kwa ujumla?"

"Ujumla gani, dada?" Kinyozi alimwonea huruma kwa kutoelewa. "Si ni huyu aliyekaa pale? Mama Zipu, simama bwana, wakuone!"

Wifi akasimama. Alikuwa amevaa kitambaa kile kile cha kichwa alichofungiwa yule wa udongo. Ukumbi ulilipuka kwa furaha. Na mimi mezani nikapiga makofi kwa nguvu, miwani ikaniruka, ikaingia chini ya meza. Mwenyekiti aliinama, akaingia chini mpaka nikabaki naona mgongo wa gauni lake tu, akaitoa, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akanirudishia mkononi. Kisha akainua ile sheria ndogo akasoma kifungu kwa sauti, neno kwa neno, kama anawasomea darasa zima imla.

Wifi akaketi.

"Mwenyekiti," kinyozi akasema, "naomba kubadilisha maoni yangu."

"Yameshaandikwa."

"Sasa nikitazama vizuri naona hafanani hata kidogo. Anafanana na shangazi yangu. Marehemu."

"Marehemu shangazi yako alikuwa fundi?"

"Alikuwa na... alikuwa anapenda sana nguo."

"Kaa chini."

Akakaa, halafu akanyanyuka nusu. "Swali moja tu la kuelewa. Kwa hiyo Mama Zipu akitutoka hata leo jioni, sanamu inapita?"

Mwenyekiti alifikiri. "Kwa mujibu wa kifungu, inapita."

"Mniache kwanza nimalize mabegi ya watoto," wifi akasema. Baadhi walicheka, lakini yeye hakucheka.

Uamuzi ukatoka. Uso ubadilishwe kabla ya kikao kijacho, usiwe wa mtu yeyote anayejulikana. Usipobadilishwa, kazi itakwenda kwa aliyefuata kwenye zabuni, ambaye alikuwa amependekeza mpira mkubwa wa chuma wenye benchi la kuuzunguka. Wakazi walitoka mmoja mmoja bila kuangaliana. Walikuwa wamekuja kumsifu mtu, na kila sifa ilikuwa imemchimbia shimo.

Nje Vumbi aliketi kwenye ngazi. "Ile sheria niliisoma," akasema. "Ila nilidhani mtu aliye hai ni mkubwa aliye hai."

"Hata mimi nilidhani hivyo," akajibu binti, akaketi karibu naye, na sketi yake ilikuwa nyeupe. Sidhani kama ni kweli alidhani hivyo. Kazi yake ni kuzijua sheria hizo.

Siku iliyofuata nilikwenda barazani. Wifi alikuwa anang'oa zipu mbovu kwenye begi la rangi ya waridi, hana pini hata moja mdomoni, nikajua leo atasema.

"Wifi," nikamwambia, "hata wakibadilisha uso, mwili si utabaki kuwa wako?"

"Mwili! Tukishafika umri huu mwili wa nani unajulikana? Tumeshakuwa magunia wote."

"Semea lako gunia."

"La kwako ndilo limeshiba zaidi." Akakata uzi kwa meno. "Sikiliza. Meza ya sokoni ni nzuri, sikatai, nimeiona, ina balbu juu yake. Ina namba pia. Mtu akinitafuta ataambiwa namba. Hapa alikuwa akiuliza Mama Zipu yuko wapi, anaonyeshwa kwa kidole. Nikiondoka na ile baraza ikiondoka, hakuna atakayejua kwamba hapa alikaa mtu. Sitaki sifa, wifi. Nataka ijulikane kwamba alikuwepo mtu, na mtu mwenyewe ni huyu. Wakinibandika uso wa yule bibi wa kwenye kopo la maziwa, bora waweke mpira wao."

Nilimshikia begi akaingiza zipu mpya.

Vumbi alijaribu. Hakugusa sanamu yenyewe. Alichukua mabonge ya udongo pembeni akawa anatengeneza nyuso za majaribio. Ya kwanza ikatoka kama Mwenyekiti. Ya pili ikatoka kama yeye mwenyewe aliyefungwa kitambaa. Ya tatu haikufanana na mtu yeyote, na ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, kama kiazi kilichomenywa. "Sijui kuchonga mtu ambaye hayupo," aliniambia. Akaifunika sanamu kwa magunia na matambara mabichi, akasema anakwenda kwa mama yake siku chache kutuliza kichwa, na atakaporudi atafanya linalobidi.

Udongo wa aina ile ukikauka unapasuka. Kwa hiyo alimwomba mlinzi wa ukumbi anyunyizie maji kila asubuhi. Mlinzi alinyunyizia, hakukosa hata siku moja. Binti alijua mlinzi ni mzee na huenda akasahau, hivyo mchana alikuja na ndoo ndogo akalowesha tena. Mimi nikipita na kikapu changu nilichungulia, matambara yakaonekana makavu juu juu, nikachukua kopo nikamwagia mabegani na kichwani, taratibu, kama unavyomwogesha mgonjwa. Na jioni, baada ya kufunga duka, alikuja kinyozi na ile chupa yake ya kupulizia maji vichwani. "Mama wa watu nimemponza mimi na mdomo wangu," alikuwa akimwambia mlinzi, na anapuliza. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kila mmoja alijua yeye ndiye anayemwokoa.

Vumbi aliporudi, kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kamati. Alikuja ukumbini na kisu cha kukwangulia, macho mekundu. Wifi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la ukutani na mkoba wake mapajani, mimi kando yake, binti na mlinzi wamesimama karibu.

"Mama, nenda nyumbani," Vumbi akamwambia. "Hili si la kutazama."

"Mtu haachwi akakatwa uso peke yake," wifi akamjibu. "Funua."

Akafunua. Binti akatoa sauti ndogo, akajiziba mdomo.

Kichwa kilikuwa kimeanguka mbele. Hakikuvunjika. Waya wa shingoni ulikuwa mwembamba, udongo ulikunywa maji mpaka ukalegea, na kidogo kidogo kichwa kilikuwa kimeshuka, shingo ikajikunja mikunjo ya nyuma kama shingo ya mtu mzima kweli, kidevu kikakaribia kifua. Ukisimama ulikuwa unaona kitambaa cha kichwa, mabega na mikono iliyo kwenye nguo. Zaidi ya hapo hakuna.

Vumbi alishika kichwa chake mwenyewe. "Nani amemwagia maji?"

"Mimi, asubuhi, kama ulivyosema," akasema mlinzi.

"Mimi mchana," akasema binti.

"Na mimi, nikipita," nikasema.

Kinyozi alikuwa ndio kwanza anaingia mlangoni na chupa yake mkononi. Alituangalia, akaiangalia sanamu, akaificha chupa nyuma ya mgongo.

"Mmemzamisha," Vumbi akasema. Akaweka kisu chini, akatia mikono chini ya kidevu cha udongo akitaka kukiinua.

"Muache," wifi akasema.

"Mama, waya umepinda, ngoja nimnyanyue kwanza, halafu—"

"Nimesema muache." Alikuwa amesimama. Aliizunguka sanamu polepole, mkono nyuma. "Wewe ulinichonga kama napigwa picha ya kitambulisho. Nilinyamaza kwa sababu hukuzaliwa kwangu. Tangu lini mimi kazini nikainua uso? Wifi, hebu kaa."

"Nikae wapi?"

"Kwenye kigoda. Pale unapokaaga."

Kigoda cha udongo kilikuwa bado laini, mlinzi akakisogeza, akaleta debe akalifudikiza mahali pale pale. Nikashikwa mkono na binti, nikakaa, magoti yakaja kidevuni. Nikainua macho.

Alikuwa pale. Macho yameangalia zipu, nyusi zimekutana, nundu iko puani, pini zimepangwa midomoni. Ni uso niliokuwa nikiuongelesha miaka yote ile na kujibiwa kwa pua. Nilisema tu, "Njoo uone, mwanangu," nikampisha Vumbi.

Vumbi alikaa kwenye debe muda mrefu, mpaka mlinzi akakohoa. Aliponyanyuka alitafuta waya mnene, akaanza kuiimarisha ile shingo kutoka nyuma, ikiwa imeinama vilevile ilivyoinama, anafanya kazi kwa haraka kama mtu anayeogopa kitu kitamkimbia. Kisu cha kukwangulia kilibaki sakafuni. Kinyozi alikiokota akakiweka dirishani.

Kesho yake kamati ilikaa. Kwa kweli ilisimama, kwa sababu mambo yalikuwa ya kutazama. Mwenye duka la madaftari naye alikuja. Kigoda cha udongo kilikuwa kimeshakauka kiasi na kipo mahali pake mbele ya cherehani, kitupu.

"Uso umebadilishwa?" Mwenyekiti akauliza.

"Umeinamishwa, Mwenyekiti," Vumbi akajibu.

Mwenyekiti aliizunguka sanamu mara moja, kwa hatua zake ndefu, mikono imefungwa kifuani. Akasimama mbele ya kigoda. Alikitazama kigoda. Akatazama juu, kwenye kitambaa cha kichwa.

"Bibi, wewe unaona nini?" akaniuliza.

"Hapa niliposimama naona kitambaa," nikasema, na ndivyo ilivyokuwa.

"Mwenyekiti," akasema mwenye duka la madaftari, "si tungeinama kidogo tuangalie na chini? Ili tujiridhishe."

"Inama wewe ukitaka. Mimi mgongo wangu hauinami."

Nilikumbuka miwani yangu, nikanyamaza. Mwenye duka alimwangalia Mwenyekiti, akaangalia sakafu ilivyo na matope, akaangalia suruali yake. Akafunga kifungo cha koti. "Basi hakuna haja," akasema.

"Andika," Mwenyekiti akamwambia binti. "Kamati imeitazama kazi na haikuona uso wa mtu aliye hai."

Binti aliandika. Halafu uaminifu ukamshinda. "Na kile kidole gumba, Mwenyekiti? Wakazi walikitaja kwenye maoni yao."

"Sheria inataja sura. Haijataja vidole. Ajenda inayofuata."

Baraza ilivunjwa mabegi yalipokwisha. Siku ile msimamizi wa ujenzi alikataa cherehani kupakiwa kwenye lori, akasema lori litaitikisa ilegee nati, akawaamuru vibarua wake wanne waibebe kwa mikono mpaka sokoni, na yeye mbele anawafokea wapita njia wapishe. Wifi alifuata nyuma na kopo lake la pini.

Sanamu ilipokuwa shaba na kusimamishwa, palikuwa na hotuba na utepe. Wifi hakwenda. Alisema kuna magauni ya watu. Alikuja kunichukua siku nyingine ya kawaida, alasiri, tukaenda taratibu kwa ajili ya magoti yangu.

Kigoda kilikuwa na foleni. Watoto waliotoka shule walikuwa wanakaa kwa zamu, mmoja akiinuka mwingine anatumbukia, na kila aliyekaa anainua macho, anachungulia chini ya kitambaa na kucheka. Tayari shaba ya kigoda ilikuwa imeanza kung'aa kwa suruali zao. Wifi alipanga foleni nyuma ya msichana mwenye begi la rangi ya waridi. Aliitazama zipu ya begi lile, ikawa inafanya kazi.

Mama wa yule msichana alikuwa amesimama pembeni. "Shikamoo mama. Huyu fundi ni nani hasa? Au ni sanamu tu?"

"Marahaba, mwanangu. Kwa sheria ya jiji, si mtu," wifi akamjibu.

Zamu yake ikafika. Watoto walimpisha, mmoja akamshika kiwiko ateremke vizuri. Katika maisha yake yote hakuwahi kukaa upande ule. Alikaa, magoti yakaja juu, mkoba mapajani, akainua uso taratibu. Wakatazamana.

Nilimwacha. Watoto wakachoka kusubiri, wakakimbilia ngazi za maktaba.

"Pua hakuipunguza," akasema baadaye.

"Ameipunguza kidogo. Mimi ndiye naijua."

Akainamisha kichwa upande. "Nimenuna, wifi. Nilikuwa nimenuna hivi, na bado walikuwa wanakuja kukaa?"

"Hujanuna," nikamwambia. "Una pini mdomoni."

Akaangalia tena, kwa karibu zaidi, mkono ameuweka kwenye goti la yule mwingine.

"Mm," akajibu kwa pua.